Sungura mwenye shilingi 2,000
Mtoto akikuomba hadithi usiku, mpe Sungura safari yenye bajeti. Wetu hutoka Bagamoyo kwenda Unguja kwa jahazi akiwa na shilingi 2,000: sarafu nne za 500, za kweli kabisa, tumezipanga mkekani. Nauli ni 1,000 (ya hadithini, msije kunidai), na pale ufukweni kuna muuza kashata. Hapo nyamaza, mtoto ndiye aamue. Wa kwangu alizimaliza zote kwa kashata, basi Sungura akalala ufukweni siku tatu, akibeba madafu ya watu ili apate nauli. Usimwokoe haraka! Usiku uliofuata mtoto alitenga nauli kwanza, bila kuambiwa, kisha akauliza kama Unguja nako kuna kashata.