Kabla Hujashusha Jarife la Samoni Bristol Bay

Kila ifikapo Machi simu yangu huanza kulia. Ni vijana wa kwetu walioko Seattle na Anchorage, wamesikia kuna pesa kwenye samoni, na swali lao ni lile lile: "Kaka, msimu unafunguliwa tarehe ngapi?" Huwa nawaomba tuanze kwingine, kwa sababu hilo la tarehe ndilo linaloponza watu. Huko Bristol Bay, kusini-magharibi mwa Alaska, tarehe haikupi ruhusa ya kuvua. Ruhusa hutoka kwenye tangazo, na tangazo hutoka kwenye hesabu ya samaki. Usipolielewa hilo, hata uwe na boti nzuri namna gani, unaweza kumaliza Julai unadaiwa faini.

Samoni mwekundu huzaliwa kwenye maji ya mtoni au ziwani, hushuka baharini, na baada ya miaka miwili au mitatu hurudi kwenye mto ule ule alikozaliwa. Hutaga, kisha hufa. Ni safari moja tu katika maisha yake, na wavuvi tunamsubiri mlangoni, pale mto unapoingia baharini. Tukiwazoa wote mlangoni, tumekula mbegu. Ndiyo maana serikali ya jimbo imeweka minara kando ya mito kama Kvichak, Naknek, Egegik na Ugashik. Mtu hupanda, hutazama maji na kuhesabu samaki wanaopita kwa dakika 10 katika kila saa, kisha huvuka ng'ambo na kuhesabu vivyo hivyo upande wa pili, usiku na mchana. Nushagak maji yake hayaonyeshi vitu vizuri, kwa hiyo huko hutumika mitambo ya mawimbi ya sauti. Kila mto una kiwango chake cha samaki wanaotakiwa kupita. Kvichak, kwa mfano, ni kati ya milioni 2 na milioni 10.

Hesabu ikiwa chini, uvuvi hufungwa hata kama samaki wanaruka mbele ya pua yako. Ikipanda, saa za kuvua huongezwa. Mwaka 2022 walirudi samoni wekundu takriban milioni 79, wengi kuliko mwaka wowote uliowahi kurekodiwa. Wavuvi walichukua kama milioni 60 na wengine wakapita kwenda kutaga. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunajua jinsi mwalo, pale boti zinaposhusha samaki, unavyonyamaza samaki wanapoisha. Nikizitazama takwimu hizo, moyo wangu huwa upande wa mtu aliyekaa mnarani.

Basi la kwanza kuandaa ni masikio. Matangazo ya kufungua na kufunga hutolewa kwa amri ya dharura na kusomwa redioni, kwa kawaida saa 3 asubuhi, saa 6 mchana, saa 9 alasiri na saa 12 jioni. Hakikisha redio ya chombo inafanya kazi kabla hamjatoka bandarini, na kuwe na mtu mmoja wa zamu ambaye kazi yake ni kusikiliza na kuandika: wilaya gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, wavu wa aina gani. Na hapa nina onyo kwa Waswahili wenzangu. Tangazo linasomwa kwa saa za Kizungu. Ukilitafsiri kichwani huku umechoka, ni rahisi sana kukosea kwa saa sita. Andika kama lilivyosomwa, usitafsiri.

Muda wa kufunga una ukali kuliko wa kufungua. Saa ikifika, wavu wote uwe nje ya maji. Si kwamba uwe umeanza kuvuta, uwe umemaliza. Msimu wangu wa pili tulikuwa na nahodha mzoefu, na wavu ulikuwa mzito kwa samaki. Tulianza kuvuta zikiwa zimebaki dakika 25, tukaona zinatosha. Katikati ya kazi roda ya kuvutia wavu ikakwama. Tukashika kamba kwa mikono, watu wanne, glavu zimejaa utelezi wa magamba, na saa ya chumba cha usukani naiona kwa jicho la pembeni. Ilipogonga, pima 30 hivi za wavu (pima moja ni karibu mita mbili) zilikuwa bado majini. Askari walikuwa wanatusubiri kimya umbali wa mita mia moja. Tulipigwa faini, na thamani ya samaki wale ikachukuliwa na serikali. Hakuna aliyetuonea. Tangu siku ile naanza kuvuta mapema mno, na sijali wenzangu wakisema ninapoteza samaki.

Kuhusu makaratasi, kibali cha kuvua kibiashara kinashikwa na mtu, si na boti wala kampuni. Mwenye kibali lazima awepo chomboni wakati wavu uko majini. Kibali hakikodishwi. Ukikutana na mtu anayekwambia atakukodishia kibali chake akabaki nyumbani, achana naye. Mfumo huu ulitungiwa sheria mwaka 1973, mwaka ambao uvuvi wa Bristol Bay ulianguka hata samoni wekundu waliovuliwa hawakufika milioni 1. Tangu hapo idadi ya vibali ina kikomo, na anayetaka kuingia hana budi kununua cha anayetoka au kurithi. Baharia wa kawaida hahitaji kibali hicho, ila lazima awe na leseni yake ya ubaharia kabla hajagusa chochote. Hata mpishi anayesaidia kutoa samaki wavuni anahesabiwa kuwa mvuvi. Na kwa aliyekuja Marekani kwa viza ya utalii, viza hiyo haimruhusu kufanya kazi, hata nahodha awe na haraka ya watu kiasi gani.

Sasa wavu wenyewe, ambao ndio mapenzi yangu. Jarife la kuelea na mkondo, linalofungwa kwenye boti, lisizidi pima 150. Lile la kutegwa kutoka ufukweni lisizidi pima 50. Wenye vibali wawili wakishirikiana boti moja wanaruhusiwa pima 200 kwa pamoja, na boti yao huongezwa herufi D kwenye namba ili askari ajue kwa kutazama tu. Pima jarife lako mwenyewe kabla ya msimu, usiamini neno la aliyekuuzia.

Halafu macho ya wavu. Kwetu ziwani sheria ya makila, yaani nyavu za kutega, husema jicho lisipungue kipimo fulani, ili sangara wadogo wapite. Huko Alaska, mara nyingi agizo husema jicho lisizidi. Wanaolindwa ni samoni wafalme, ambao ni wakubwa kuliko wekundu, na jicho pana ndilo linalowashika barabara kwenye matamvua. Wavu wa samoni wekundu kwa kawaida huwa wa inchi 4¾ hadi 5⅛. Wafalme wanapohitaji ulinzi, amri hukataza jicho linalozidi inchi 5½. Mto Nushagak umebanwa zaidi: wafalme wake walitangazwa mwaka 2022 kuwa samaki wanaotia wasiwasi, na mwaka uliofuata ukapitishwa mpango wa kuwalinda. Unaponunua wavu wa mtumba, muulize muuzaji ulikuwa wa kuvulia nini.

Namna ya kupima jicho nayo imeandikwa kwenye kanuni, na inafaa kila baharia aijue. Wavu huwa umelowa. Unahesabu macho 10 yanayofuatana, yakiwa bado sehemu ya wavu, unayatundika kwenye msumari mmoja yaning'inie, chini yake unafunga uzito wa ratili 5, yaani kilo 2 na kidogo. Kisha unapima kwa tepu ya chuma kuanzia ndani ya fundo la kwanza hadi fundo la mwisho likiwamo, na unagawanya kwa 10. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza kwenye wavu tulioambiwa ni wa inchi 5⅛, tulipata zaidi kidogo, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimevutika kwa misimu mingi. Ulikuwa bado halali siku hiyo, lakini ni bora kujua ukiwa ghalani kuliko kuambiwa na askari.

Uzi nao una sheria. Wavu wa uzi mmoja, kile tunachokiita timba na ambacho Ziwa Victoria kimewatia wengi matatani, hauruhusiwi. Uzi wa jarife uwe umesukwa kwa nyuzi zisizopungua 30 zenye unene sawa, au zisizopungua 6, kila moja ikiwa na unene wa angalau milimita 0.20.

Boti isizidi futi 32. Ndiyo maana boti za huko ni fupi lakini pana kama ghala. Hadi mwaka 1951 injini zilikatazwa kabisa kwenye uvuvi huu. Watu walivua kwa tanga na makasia. Namba ya usajili iwe ubavuni inasomeka kwa mbali, na maboya ya wavu yawe na namba yake. Kabla ya kuanza, andikisha boti kwenye wilaya mojawapo: Naknek-Kvichak, Egegik, Ugashik, Nushagak au Togiak. Ukitaka kuhama, unatoa taarifa na kwa kawaida unasubiri saa 48 bila kuvua popote. Togiak ina masharti yake ya ziada, kwa hiyo usiichukulie kama wilaya ya kukimbilia. Saa 48 katikati ya wimbi kubwa la samaki ni pesa nyingi. Nimeona watu wakihama kwa uvumi wa redio, na samaki wakafika kule walikotoka.

Mipaka ya wilaya imechorwa kwa nukta za setilaiti. Wavu ukivuka mstari umevunja sheria, hata kama boti yenyewe iko ndani. Hapo ndipo mkondo unapokuwa adui. Karibu na Naknek, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi futi 20, na jarife linasukumwa kwa kasi kuliko unavyofikiri. Soma jedwali la maji usiku wa kuamkia siku ya kuvua, na ushushe wavu mahali ambapo mkondo utakupeleka mbali na mstari.

Ukiuza, kadi ya kibali hutolewa na tiketi ya samaki, yaani hati ya mauzo, hujazwa papo hapo. Samaki unaobaki nao wa kula nyumbani nao waandikwe humo. Wenyeji wa mito hii, Wayupik, Wadena'ina na Waalutiiq, wana uvuvi wao wa chakula wenye taratibu zake, na samaki wa chakula hawauzwi. Ukipewa samaki na mwenyeji, kula na ushukuru.

La mwisho ni vazi la kuokolea maisha kwenye maji baridi. Litoe kwenye mfuko ukiwa bado bandarini, livae, pandisha zipu hadi kidevuni, na utake mwenzako akuhesabie. Ukizidi dakika moja, vua urudie. Zipu ikigoma, ipake nta kabla boti haijafungua kamba.