Namna ya Kukusanya Singo Adimu na Nakala za Redio za Queen Ukiwa Tabora

Mkusanyaji wa santuri anayeishi London anaweza kuingia dukani, akaichomoa santuri kwenye jalada lake, akaigeuzageuza kwenye mwanga na kuamua papo hapo kama ataichukua au ataiacha. Anayeishi Tabora hana duka la namna hiyo. Santuri anayoitaka imekaa kwenye rafu ya mtu wa Leeds, Ohio au Osaka, naye ataijua kwa picha tu mpaka siku atakapoipokea Posta. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi hii kwetu sisi ni kujua picha ipi ya kuomba na namna ya kuisoma. Mwongozo huu unahusu singo, yaani santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, na nakala za redio za Queen, kundi la roki la Uingereza ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, ingawa mengi yatakayoelezwa yanalifaa kundi lolote lililorekodi miaka ile.

Jambo la kwanza ni kujiwekea mipaka. Nchini Uingereza santuri za kundi hili zilitolewa na kampuni ya EMI kuanzia mwaka 1973, kisha lebo ikawa Parlophone kuanzia 1989. Marekani lilianza na Elektra, likahamia Capitol na baadaye Hollywood Records. Japani nako kulikuwa na matoleo yake yenye majalada yake. Anayejaribu kuyafuata yote kwa mshahara wa kawaida huishia kuwa na rundo la vitu visivyohusiana. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuzishika singo tano za EMI za Uingereza: “Keep Yourself Alive” (EMI 2036, Julai 1973), “Seven Seas of Rhye” (EMI 2121, 1974), “Killer Queen” (EMI 2229, 1974), “Now I'm Here” (EMI 2256, Januari 1975) na “Bohemian Rhapsody” (EMI 2375, Oktoba 1975). Ukizitafuta kila moja kwa nakala ya dukani na nakala ya redio, utakuwa na lengo la santuri kumi, ambalo linafikika na ambalo litakufundisha karibu kila kitu kinachohitajika kwa hatua zitakazofuata.

Ni vema kuelewa mapema kwamba umri wa santuri haumaanishi uadimu. “Bohemian Rhapsody” ilikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa na kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja, hivyo nakala yake ya kawaida ya mwaka 1975 ni rahisi kupatikana, hata kama muuzaji ameandika neno “adimu” kwa herufi kubwa. Kinyume chake, “Keep Yourself Alive” haikuingia kabisa kwenye chati ya Uingereza ilipotoka; walioinunua walikuwa wachache, na ndiyo maana leo inatafutwa. Wimbo ulioshindwa sokoni ndio unaompa mkusanyaji kazi. Vivyo hivyo singo iliyotoka mwaka huo huo wa 1973 kwa jina la Larry Lurex (EMI 2030), ambayo mwimbaji wake ni Mercury, na ile ya kundi la Smile la Brian May na Roger Taylor wa Queen, iliyotolewa na kampuni ya Mercury Records huko Marekani pekee mwaka 1969. Juu kabisa ya orodha kuna “Bohemian Rhapsody” ya plastiki ya buluu ya mwaka 1978, iliyochapwa nakala 200 tu zenye namba zilizoandikwa kwa mkono, kwa ajili ya kusherehekea tuzo ya mauzo ya nje waliyopewa EMI. Hiyo itazame kwenye picha, kisha uendelee na maisha. Hizi zote nilizozitaja katika aya hii, ukiacha ile ya kawaida ya 1975, zina thamani ya kutosha kumtamanisha mghushi.

Nakala za redio zinahitaji maelezo zaidi. Kabla singo haijafika madukani, kampuni ilichapa nakala chache za kuwapelekea watangazaji na waandishi ili wimbo uanze kusikika. Umuhimu wa watangazaji hao haukuwa mdogo: Kenny Everett wa Capital Radio ya London anakumbukwa kwa kuucheza “Bohemian Rhapsody” mara 14 katika mwisho wa wiki mmoja, wakati wimbo wenyewe haujatoka na wengi wakiuona ni mrefu mno kwa redio. Nakala za EMI za miaka ile hutambulika kwa herufi A kubwa iliyochapwa juu ya lebo, upande wa wimbo unaotakiwa kuchezwa, pamoja na maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba santuri ni ya majaribio na haiuzwi, na mara nyingi tarehe ya kutoka. Za Marekani zina desturi nyingine ambayo humshangaza mgeni: wimbo mmoja umewekwa pande zote mbili, upande mmoja kwa mono (mkondo mmoja wa sauti) na mwingine kwa stirio (mikondo miwili), kwa kuwa vituo vya AM vilirusha kwa mono, na pia ili mtangazaji asipate nafasi ya kugeuza santuri na kucheza wimbo mwingine. Za Japani mara nyingi zina lebo nyeupe yenye maandishi ya Kijapani yanayomaanisha sampuli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 santuri za redio zilianza kupisha CD, na baadaye zikaja CD za kuchomwa, ambazo binafsi sizipendekezi, kwa sababu rangi inayohifadhi muziki ndani yake huharibiwa na joto na mwanga, vitu ambavyo Tabora havina uhaba.

Wapo wanaoogopa yale maneno ya “haiuzwi”. Marekani jambo hili lilifika mahakamani: katika shauri la UMG Recordings dhidi ya Augusto, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliamua mwaka 2011 kwamba aliyezipata CD za promosheni zilizosambazwa bila masharti ya kuzirudisha alikuwa na haki ya kuziuza. Biashara ya nakala hizi inafanyika hadharani, na hakuna sababu ya kuificha kwenye fomu za forodha.

Sasa tuje kwenye kusoma santuri yenyewe. Kati ya mwisho wa muziki na lebo kuna ukanda mtupu unaong'aa, na ndani yake kuna namba na herufi ndogo zilizochorwa au kugongwa. Hapo ndipo santuri inapojieleza kuliko kwenye lebo, kwa kuwa lebo ni karatasi na karatasi huchapwa upya. Santuri za EMI zilizochapwa kwenye kiwanda chake cha Hayes, Uingereza, zina mpangilio unaosomeka vizuri. Izungushe mpaka namba kuu, yaani namba ya santuri pamoja na herufi ya upande, iwe chini karibu nawe. Kushoto utaona tarakimu, ambayo ni namba ya bamba mama la chuma. Kulia utaona herufi moja au zaidi, ambazo ni namba ya bamba la kuchapia lililotolewa kwenye mama huyo. Herufi hizo zinatoka katika neno GRAMOPHLTD, ambamo G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9 na D ni 0. Kwa hiyo santuri yenye 1 kushoto na G kulia ilitoka kwenye bamba la kwanza la mama wa kwanza, na yenye RA ilitoka kwenye bamba la 23. Kwa kuwa nakala za redio zilitangulia, kwa kawaida namba zake huwa ndogo. Nakala yenye A kubwa lakini yenye bamba la mbali sana inastahili maswali. Na nakala isiyo na alama zozote kushoto wala kulia, huku lebo yake ikidai ni ya EMI ya 1973, inastahili kuachwa.

Alama hizi hazionekani kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kawaida. Mwombe muuzaji azime taa ya chumba, aweke tochi ya simu ubavuni mwa santuri ikilala karibu sawa na uso wake, ndipo apige picha ya ukanda ule kwa pande zote mbili. Herufi zitasimama kwa vivuli vyake, na mikwaruzo ambayo haikuonekana mchana nayo itajitokeza. Omba pia picha ya lebo mbili kwa ukaribu, na karatasi yenye jina lako na tarehe ikiwa imewekwa kando ya santuri. Ombi hili la mwisho linaweza kuonekana la kumkosea mtu heshima, lakini lina sababu. Muuzaji mmoja aliwahi kunitumia picha safi ya nakala ya redio ya “Killer Queen”, yenye doa la wino lililofanana na koma chini ya herufi A. Jioni hiyo hiyo nikaliona doa lile lile katika tangazo la mtu mwingine, wa nchi nyingine, lililowekwa muda mrefu kabla. Nilipomwomba karatasi yenye jina langu, hakujibu tena.

Kuhusu hali ya santuri, wauzaji wengi hufuata madaraja ya gazeti la Goldmine la Marekani, yanayoshuka kutoka M (mpya kabisa) na NM (karibu na mpya), kupitia VG+ na VG (nzuri sana), hadi G (nzuri) na P (mbovu). Wasiozoea hudanganywa na herufi G, ambayo kirefu chake kinaashiria uzuri ilhali santuri yenyewe huwa imechoka kabisa. Usishuke chini ya VG+ isipokuwa kwa kitu ambacho hutarajii kukiona tena. Mhuri wa kituo cha redio au mwandiko wa mtangazaji kwenye lebo hushusha bei kwa wengi. Mimi nauona ni sehemu ya historia ya nakala hiyo, na nafuu ya bei naipokea kwa furaha. Ili kujua bei halisi, tazama kumbukumbu za mauzo yaliyokwisha kufanyika kwenye Discogs, tovuti ya orodha na mauzo ya santuri, wala usitegemee bei zinazotajwa na wenye matangazo, kwani kila mtu yuko huru kutaja bei anayoiota.

Malipo hufanyika kwa kadi ya benki au kadi pepe inayounganishwa na akaunti ya simu. Kwa anwani, andika jina lako, S.L.P., Tabora, Tanzania, namba ya simu, na postikodi pale fomu inapoidai. Za mkoa huu huanza na 45, sawa na mwendo wa singo wa mizunguko 45 kwa dakika, jambo lililowahi kumchekesha muuzaji mmoja wa Uingereza. Chagua usafirishaji wenye namba ya kufuatilia, maana kifurushi kitapita Dar es Salaam kabla ya kuja huku. Mwambie muuzaji aandike bei ya kweli kwenye fomu ya forodha, hata akijitolea kuandika kwamba ni zawadi, kwa sababu kifurushi kikipotea fidia hufuata bei iliyoandikwa. Weka kando fedha za ushuru na za kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Mwombe pia aitoe santuri ndani ya jalada lake na kuiweka nyuma yake, kati ya vipande viwili vya boksi gumu, ndani ya mfuko wa plastiki. Santuri ikibaki ndani, kila kifurushi kinaporushwa ukingo wake hupasua mshono wa jalada.

Ikifika, usiharakishe kuicheza kwa pleya uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Pleya nyingi za zamani za huko zilitengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, na hata ukiipatia transfoma, mota inayofuata hezi itazungusha singo kwa mizunguko 37 na nusu badala ya 45, na Mercury atasikika kama mtu mwenye usingizi. Singo nyingi za Marekani zina tundu kubwa katikati, hivyo tafuta kipachiko chake. Baadhi zimetengenezwa kwa polistairini na si vinaili. Hizo zisiguswe na spiriti kamwe. Kwa kusafisha tumia maji yaliyokenekwa na kitambaa laini. Maji ya betri yauzwayo kwenye vituo vya mafuta hufaa kwa sharti moja, kwamba umehakikisha chupa ni ya maji matupu na si ya tindikali, kwa sababu zote mbili hukaa rafu moja.

Adui mkubwa wa majalada Tabora ni mchwa. Boksi lililowekwa sakafuni na kuegemezwa ukutani linaweza kuonekana zima kwa nje huku karatasi ndani zimeshageuka udongo. Tengeneza kabati la mninga lenye miguu, ulitenge na ukuta, na uzisimamishe santuri wima bila kuzibana wala kuziacha zilale upande. Nyumba ya bati isiyo na dari, mwezi wa Oktoba, si mahali pa santuri. Zihamishie chumba chenye ubaridi kuliko vingine. Kila moja iwe na mfuko wake wa nje wa polipropilini, kwani mifuko ya PVC hutoa kemikali zinazoacha ukungu juu ya vinaili.

Ukiuliza mitaani kuhusu santuri kuukuu, hutaletewa Queen. Utaletewa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz kutoka kwenye masanduku ya wazee. Wakusanyaji wa Ulaya wanazitaka sana, na wengine watakushawishi mbadilishane na nakala ya redio unayoitafuta. Kabla hujakubali, tazama kama unayo nakala ya pili, na urekodi muziki wake kwanza. Singo ya Queen utaipata tena kwa fedha, lakini hizi ni shida kuzipata tena.

Mwisho, fungua daftari la kila santuri: namba ya lebo, herufi na tarakimu za ukanda wa ndani, daraja la hali yake, bei, gharama ya usafiri na kodi, pamoja na zile picha za tochi ulizotumiwa. Zihifadhi mahali pawili, kwa sababu siku utakapotaka kuuza, mnunuzi makini atakuomba picha hizo hizo.