Buti za porini kwa miguu isiyopatiwa viatu: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka Tanga

Msimu wa uwindaji nchini hufunguliwa Julai 1. Wawindaji wengi wa Tanga hutangulia kushughulikia kibali, risasi na gari, halafu buti hukumbukwa siku mbili kabla ya safari. Mwenye mguu wa kawaida anayevaa namba 42 anaweza kuingia duka la kwanza akatoka salama. Mwenye mguu mpana, mgongo wa mguu ulioinuka, kinundu pembeni ya kidole gumba, unyayo bapa, au anayevaa namba 47, siku mbili hazimtoshi. Mpe miezi miwili: atafute, ajaribu, arudishe, apeleke kwa fundi, kisha azivae mtaani mpaka zimkubali. Haya yanamhusu pia mwongoza wageni wa msitu wa Amani, mfuga nyuki wa Handeni, na mbeba mizigo anayefuatana na wawindaji, ambaye mara nyingi hutembea zaidi kuliko mwenye bunduki na huvaa kiatu kibovu kuliko wote.

Kabla hujaenda sokoni, ujue mguu wako kwa sentimita. Namba unayovaa sasa si ushahidi, kwa sababu watu wengi wenye miguu ya tabu wamevaa namba isiyo yao kwa miaka mingi, wakazoea kubanwa au kupwaya. Pima jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto na shughuli za mchana, maana porini utavimba hivyo hivyo na zaidi. Vaa soksi utakazotumia safarini. Weka karatasi sakafuni ipakane na ukuta, simama kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa kwenye mguu huo. Mwingine akushikie kalamu, aisimamishe wima na kuchora. Ukiinama kuchora mwenyewe, uzito unahama na kipimo kinakuwa kidogo kuliko ukweli.

Pima urefu hadi kidole kilichotangulia, ambacho kwa baadhi ya watu si gumba bali kinachofuata. Pima upana mahali mguu unapotanuka, kisha zungusha futi ya fundi cherehani mahali hapo na juu ya mgongo wa mguu. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili. Mmoja kuuzidi mwenzake ni jambo la kawaida, na kiatu hununuliwa kwa mguu mkubwa. Andika vipimo kwenye simu. Kama mara ya mwisho ulipima ukiwa kijana, au umejifungua tangu hapo, vile vya zamani viache: mguu hurefuka na kutanuka kwa umri, na kwa ujauzito pia.

Sasa namba zenyewe. Katika namba za Ulaya, hatua moja ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7. Katika namba za Uingereza hatua moja ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Zote mbili zinaeleza urefu tu. Upana una alama zake, na hizo ndizo muuzaji wa kawaida hazitazami. Kwenye buti za Marekani, D ni upana wa kawaida wa kiume, EE ni mpana, EEEE mpana zaidi. Kwa wanawake kawaida ni B, na D tayari ni mpana. Buti nyingine huandikwa R kwa kawaida, W kwa pana na XW kwa pana sana. Zipo pia zenye namba mbili, kwa mfano 275/108, ambazo ni urefu na upana wa mguu kwa milimita. Ukikutana na hizo, linganisha na karatasi yako moja kwa moja. Funua ulimi wa kiatu, angalia kitambulisho cha ndani, angalia na chini ya soli. Dada mwenye mguu mpana aangalie na upande wa viatu vya kiume, kwa kuwa kalibu yake, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hujengwa juu yake, kwa kawaida ni pana zaidi, ila achunguze kisigino kisimpwaye.

Kosa linaloumiza watu wengi ni kutafuta upana kwa kuongeza urefu. Mguu ni wa 43 mpana, mtu ananunua 45 kwa sababu hiyo haimbani. Dukani anajisikia huru. Lakini kiatu kina mahali pake pa kukunjika, na mahali hapo panapaswa kukaa chini ya viungo vya vidole. Kikiwa kirefu, kinakunjika mbele ya pale mguu unapokunjika, kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, na kwenye mteremko mguu mzima unateleza hadi vidole vinagonga mbele. Malengelenge ya kisigino na kucha nyeusi vinatoka hapo. Chagua kiatu kwa sehemu ya mguu wako iliyo ngumu kutoshea, yaani upana, kinundu au mgongo wa mguu. Kisigino kinachopwaya kidogo kinaweza kurekebishwa kwa kamba na soli ya ndani. Kidole kinachobanwa na kiatu kifupi hakina dawa.

Mimi huanzia kwenye mitumba ya Ngamiani kabla ya maduka, kwa sababu kwenye mitumba ndipo buti za ngozi za upana mbalimbali hujitokeza, na zinajitokeza moja moja. Ndiyo maana ya kuanza mapema: belo la leo linaweza lisiwe na kitu, la wiki ijayo likawa na XW. Muuzaji atakwambia, "Hiyo ngozi kaka, ukiivaa wiki moja itaachia yenyewe." Ana nusu ya ukweli. Ngozi huachia kwa upana, kiasi kidogo. Kwa urefu haiachii. Mwombe kwa adabu akuruhusu kutoa soli ya ndani. Iweke chini, panda juu yake kwa uzito wote. Nyama ya mguu ikimwagika pembeni, kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama ukikivaa hukilalamikii. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu.

Halafu ligeuze buti, ukague tabaka nene lililo kati ya ngozi na soli ya chini. Kwenye buti nyingi za kupandia milima tabaka hilo ni la poliyurethini, laini na jepesi, lakini unyevu wa hewani huivunjavunja taratibu hata kiatu kikiwa kimekaa ndani ya boksi bila kuvaliwa. Joto na unyevu wa pwani yetu huharakisha. Kiatu kinaweza kung'aa juu na kuwa kimekufa chini. Bonyeza kwa ukucha pembeni mwa tabaka hilo: likiwa zima linabonyea na kurudi, likiwa limekufa linapasuka, linanata, au linamong'onyoka kama andazi la juzi. Kunja buti kwa nguvu uone kama mipasuko inafunguka. Nimeona mtu akivuka kijito nje ya Muheza, soli ikabaki kwenye tope na yeye akapanda ukingo na ngozi tupu. Buti ya soli ya kushonwa ni bora kwa hilo, kwa sababu soli ikiisha fundi anaifumua na kushona nyingine.

Jambo moja la sheria, linalosahaulika sana. Usinunue buti za madoadoa ya kijeshi hata kama ndizo pekee zinazokutosha. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Ngozi ya kahawia isiyo na urembo inakutosha porini, na haitakusimamisha barabarani.

Kila mguu una dawa yake. Mgongo wa mguu ukiwa umeinuka, utaumia pale kamba zinapopishana. Ruka matundu ya mahali hapo, pitisha kamba wima upande kwa upande, kisha endelea kupishanisha juu yake. Pendelea buti zinazofunguka hadi karibu na vidole. Kisigino kikiwa chembamba huku mbele ni pana, sokota kamba mara mbili kabla ya kupanda kwenye kifundo, ili sehemu ya juu ibane na ya chini ibaki huru. Mwenye unyayo bapa asikubali buti inayokamulika mkononi kama nguo. Anahitaji soli isiyopinda katikati, na soli ya ndani ngumu yenye kuinua tao la mguu. Hiyo soli ya ndani ajaribu nayo siku ya kununua, kwa kuwa inakula nafasi. Mwenye mguu mmoja mdogo aongeze soli ya ndani upande huo tu.

Mwenye kinundu aepuke mshono unaopita juu yake, na aepuke buti za ujenzi zenye chuma mbele. Najua hizo ndizo buti mpya rahisi kupata mjini, lakini chuma hakiachii, na kwenye mteremko ukingo wake hukata vidole. Kama ngozi ni laini, fundi viatu anaweza kupanua sehemu moja kwa kalibu, akailowesha kwanza na kuiacha siku mbili tatu. Paka chaki kwenye soksi juu ya kinundu, vaa buti, simama, vua: alama ndani ya kiatu ndiyo fundi aifuate. Mweleze kwamba unataka mahali hapo tu. Buti zenye utando wa kuzuia maji huwa hazipanuki vizuri, na kwenye joto la Pangani au Saadani utando huo huweka jasho ndani siku nzima. Kwa ukanda wa chini, ngozi ya kawaida inayolowa na kukauka ndiyo ninayoipendelea. Amani, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, jambo la kwanza ni meno marefu ya soli. Gambuti zinawapokea wenye miguu mipana, na kwa tope la saa moja zinafaa sana, lakini hazina kamba za kushika kisigino. Usizifanye kiatu cha kutwa. Urefu wa buti upite kifundo: kuna nyoka, kuna kupe, na ukikatiza mashamba ya mkonge ya Muheza au Korogwe, ncha ya jani inatoboa kiatu cha kitambaa.

Wenye kisukari nawaomba wasome hapa taratibu. Kisukari kinaweza kuua hisia za mguu, kwa hiyo kutosikia maumivu si dalili kwamba kiatu kinakufaa. Msitegemee kusikia, tumieni kipimo cha karatasi, pitisheni mkono ndani ya kiatu kutafuta mshono au msumari, na kagueni nyayo kila jioni. Onaneni na daktari kabla ya safari. Kwa mguu wenye kilema ambacho hakuna kiatu cha sokoni kitakachokikubali, ulizeni hospitali ya Bombo mjini Tanga kuhusu rufaa. Hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko kilipo chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, na kiatu cha kutengenezewa ni haki ya mtu anayetaka kutembea kama wengine.

Ukishapata buti, patana na muuzaji siku chache za kurudisha, na siku hizo zivae ndani ya nyumba tu zisichafuke. Mji wa Tanga ni tambarare, kwa hiyo kiatu kitakudanganya. Tafuta jengo la ghorofa, beba begi lenye uzito wa safari, shuka ngazi mara kadhaa. Vidole vikigusa mbele, rudisha. Visipogusa, zivae kwenda sokoni, kisha mwendo wa nusu siku. Soksi ziwe za sufu au za nyuzi za viwandani, jozi mbili, kwa sababu pamba hushika jasho na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Kucha zikatwe siku chache kabla, kwa mstari ulionyooka. Kambini usikaushe buti kwenye moto: ngozi hukakamaa na gundi huachia. Jaza magazeti ndani, weka penye upepo, na asubuhi kung'uta kabla ya kuvaa, kuna nge na tandu.

Plasta na kamba za akiba zikae mfukoni, zisiachwe kwenye gari. Njiani ukisikia joto mahali pamoja kwenye mguu, mwambie kiongozi wa msafara asimame hapo hapo. Vua, kausha, bandika plasta, funga kamba upya. Lengelenge likishatokea, safari yenu nzima itakwenda kwa mwendo wa mguu huo.