Kumtazama bingwa wa marathoni bila kudanganyika: mwongozo kwa wanaokimbia Goma

Ukipita njia ya Himbi kwenda Keshero kabla pikipiki hazijajaa barabarani, utawaona wakimbiaji ambao mwalimu wao ni simu. Jioni walimtazama Eliud Kipchoge, asubuhi wanapiga kisigino hadi karibu na matako kama yeye. Wiki mbili baadaye shavu la mguu limekaza, goti linalalamika, na muda wa kilomita haujapungua hata sekunde moja. Kumtazama bingwa si kosa. Shida ni kwamba jicho hukimbilia kinachopendeza, na kinachopendeza mara nyingi si kinachomsukuma mbele.

Dawa yake ni kutowahi kumtazama bingwa mmoja peke yake. Watafute wanne wasiofanana. Emil Zátopek alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, Helsinki 1952, huku amekunja uso na kichwa kikiyumba kama mtu anayeumwa jino. Paula Radcliffe alikuwa akitikisa kichwa kila hatua, lakini muda wake wa 2:15:25, alioukimbia London 2003, ulisimama kama rekodi ya dunia miaka 16 hadi Brigid Kosgei alipokimbia 2:14:04 kule Chicago mwaka 2019. Haile Gebrselassie aliubana mkono wa kushoto karibu na mwili, kama alivyozoea akikimbia kwenda shule na vitabu mkononi. Kipchoge naye, katika 2:01:09 ya Berlin 2022, unaweza kudhani amebeba ndoo ya maji kichwani.

Futa kila kitu kinachowatofautisha hao wanne. Kinachobaki ni kidogo: mguu hautupwi mbali mbele, goti limekunjika wakati unyayo unagusa chini, hatua ni nyingi kwa dakika, na kiwiliwili hakijavunjika kiunoni. Hayo ndiyo ya kujifunza. Kichwa cha Radcliffe mwachie mwenyewe, na utulivu wa uso wa Kipchoge pia.

Kisigino au vidole?

Tulimalize hili mapema maana ndilo linalowapeleka watu kwa mganga. Wapo wanaofundisha kwamba kutua kwa kisigino ni dhambi. Katika nusu marathoni ya Sapporo ya mwaka 2004, watafiti waliwapiga picha wakimbiaji wa hali ya juu kwenye kilomita ya 15, na karibu robo tatu yao walikuwa wakitua kwa kisigino. Kwa hiyo sehemu ya unyayo inayotangulia kugusa si hoja kubwa. Hoja ni mahali mguu unapotua ukilinganisha na mwili.

Mtazame kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, anayepita mtaani. Goti moja liko kwenye ubao, mguu wa pili unasukuma. Ule wa kusukuma unagusa chini karibu na mwili wake, kisha unakwenda nyuma. Akiupeleka mbali mbele, ardhi ingemrudisha, na gunia la viazi lingeyumba. Mkimbiaji ni vilevile: mguu ukitua mbali mbele na goti limenyooka, kila hatua ni breki, na breki hiyo huishia kwenye goti na nyonga.

Kusoma video ya mbio

Picha za televisheni zina mitego. Kamera huwa juu ya pikipiki mbele ya wakimbiaji, na lenzi ya kuvuta mbali huwabana hadi mtu aliye mita kumi nyuma aonekane yuko begani kwa mwenzake. Kwa kamera ya mbele unaweza kuona mikono na mabega, basi. Usijaribu kupima hatua. Unachotafuta ni sekunde chache ambazo kamera iko ubavuni kabisa. Katika mbio ya saa mbili zinaweza kuwa chache sana, kwa hiyo ukizipata andika dakika yake kwenye karatasi, usije ukamaliza mega zako kuzitafuta upya.

Kwenye YouTube punguza mwendo hadi 0.25. Ukiwa na kompyuta, simamisha video kisha bonyeza kitufe cha nukta kwenda mbele picha moja, na cha mkato kurudi nyuma. Tafuta picha ambayo unyayo ndiyo kwanza unagusa lami. Weka rula au ukingo wa karatasi kwenye kioo, ushuke wima kutoka nyonga. Utaona mambo mawili. Kwanza, hata bingwa hatui chini ya nyonga kamili; mguu uko mbele kidogo. Anayekuambia utue chini kabisa ya mwili anakufundisha kuanguka. Pili, muundi, yaani mfupa wa mbele kati ya goti na kifundo, unakaribia kusimama wima. Kwa mwenye kujifunga breki, muundi umelala nyuma na vidole vimeelekea juu.

Kisha hesabu hatua. Tumia saa, sekunde 15, mguu wa kulia tu, zidisha kwa 8. Kocha Mmarekani Jack Daniels alifanya hesabu ya namna hii kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984, na karibu wakimbiaji wote aliowahesabu walifikia hatua 180 kwa dakika au kuzipita. Tangu hapo 180 imegeuzwa kuwa amri. Si amri. Aliwahesabu watu waliokuwa wakishindana kwa kasi. Chukua muda wa Kipchoge wa 2:01:09: ni kama mita 5.8 kwa sekunde. Akipiga hatua 185 kwa dakika, kila hatua inafika karibu mita 1.88. Wewe unayekimbia kilomita kwa dakika 6 unakwenda mita 2.8 kwa sekunde. Kwa hatua 165, kila moja ina mita moja tu na kidogo. Ukilazimisha 180 kwa mwendo huo utakuwa unakanyagakanyaga kama mwenye viatu vya kubana.

Hapo ndipo pia jibu la kile kisigino cha Kipchoge kupanda juu. Hakipandishi. Nyonga inapovuta paja mbele kwa nguvu, goti linajikunja na kisigino kinajipandia. Ni matokeo ya kasi. Anayekipandisha kwa makusudi akienda polepole anachosha misuli ya nyuma ya paja bure.

Kujipiga picha

Simu ya kawaida inatosha ikiwa ina mwendo wa polepole wa picha 120 au 240 kwa sekunde. Video ya kawaida ya picha 30 haifai: unyayo hukaa chini kama robo ya sekunde, kwa hiyo unapata picha saba au nane tu, na ile ya kugusa unaweza kuikosa. Kwa 240 unapata 60 hivi.

Mwendo wa polepole unahitaji mwanga mwingi. Goma jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, basi subiri saa moja au moja na nusu, jua liwe mgongoni mwa simu. Tafuta mita 30 za lami tambarare au kiwanja kigumu. Weka simu juu ya kiti au ukuta wa mawe, kimo cha nyonga yako, mita 5 au 6 kutoka mstari utakaopita, iangalie njia kwa pembe mraba. Rafiki akiishika na kukufuata kwa mkono, picha inapinda na vipimo vyote vinakuwa uongo. Vaa kaptula, na shati uchomekee, nyonga ionekane.

Kimbia kwanza dakika 10. Halafu pita mbele ya simu mara nne kwa mwendo wako wa kila siku, bila kuitazama. Kila mtu hukimbia vizuri akijua anapigwa picha, ndiyo maana ya kwanza hutupwa. Pita mara mbili zaidi simu ikiwa nyuma yako. Nenda ukakimbie dakika 30, urudi, urudie yote. Picha za uchovu ndizo zenye ukweli.

Ubavuni, pima muundi kama ulivyopima wa bingwa. Nyuma, tazama mkanda wa kaptula: ukishuka sana upande mmoja kila unapokanyaga mguu wa pili, huenda misuli ya pembeni ya nyonga ni dhaifu. Tazama pia kama nyayo zinavuka mstari wa katikati, kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Nyayo zinazovuka zinaweza kuleta maumivu ya pembeni mwa goti.

Kurekebisha

Anza na idadi ya hatua, kwa sababu ikipanda kidogo mguu wenyewe unarudi karibu na mwili bila kuuambia. Ongeza 5 kwa 100, si zaidi ya hapo kwa kuanzia. Kwa mfano umehesabu 20 kwa sekunde 15, maana yake 160 kwa dakika. Asilimia 5 juu ni 168, yaani 21 kwa sekunde 15. Hatua moja tu ya mguu wa kulia. Ndiyo yote unayotafuta, na inatosha kupunguza mzigo wa goti.

Weka programu ya metronomu, ile inayopiga mlio kwa mdundo sawa, kwenye 168. Wiki mbili za kwanza fuata mdundo dakika moja katika kila tano, mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne, dakika tatu katika tano. Baadaye zima, uhesabu tu mara mojamoja. Kosa la kawaida hapa ni kuongeza hatua na kasi pamoja: mtu anafika 168 lakini anahema, kisha anasema mtindo mpya unachosha. Chukua kilomita unayoijua. Kama ulikuwa ukiikimbia kwa 6:00, ibaki 6:00. Hatua ziwe fupi, nyepesi, zisiwe za haraka ya kukimbilia mahali.

Kiwiliwili ni cha pili. Simama wima, miguu pamoja, egemea mbele mwili mzima kutoka kwenye vifundo mpaka uhisi unaanguka. Ile hatua ya kujiokoa ndiyo mwanzo wa kukimbia. Fanya mara tano kabla ya kutoka. Wanaoinama kutoka kiunoni wanaona wameegemea, kumbe wamerudisha matako nyuma, na mguu unalazimika kutua mbali zaidi mbele.

Mikono haihitaji maneno mengi. Kiwiko karibu pembe mraba, kirudi nyuma mpaka ngumi ifike mfupa wa nyonga, mbele isivuke kitovu. Vidole vilegee kama umeshika yai.

Mara mbili kwa wiki, mwisho wa mkimbio mwepesi, kimbia mara 6 kwa sekunde 20, haraka bila kujikamua, ukirudi kwa kutembea. Mara moja kwa wiki tumia mteremko wa Mont Goma, lakini kwa kupanda: mara 8 kwa sekunde 10. Kilima hakikuruhusu kutupa mguu mbele, kwa hiyo kinasahihisha kuliko kocha. Kushuka, tembea. Nyumbani, simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, panda juu ya vidole na kushuka polepole, mara 12, seti 3 kila mguu; mabadiliko yoyote ya mtindo hulipwa kwanza na shavu la mguu na kano ya kisigino. Kano ikiuma asubuhi unaposhuka kitandani na maumivu hayaishi ndani ya dakika chache, rudi kwenye hatua zako za zamani kwa wiki nzima.

Mawe yetu

Berlin na Chicago wanakimbia juu ya lami laini. Sisi, ukitoka tu barabara kubwa, uko juu ya mawe ya volkano, mengine makali kama kisu. Usiyapeleke huko mambo ya video. Juu ya mawe macho yashuke mita 3 hadi 5 mbele, viwiko vifunguke kidogo kwa ajili ya mizani, hatua ziwe fupi kuliko hata zile 168, na saa usiitazame kabisa. Kazi ya metronomu na zile sekunde 20 zibaki kwenye lami au majani.

Viatu pia. Sheria za mbio za barabarani zinaruhusu soli ya hadi milimita 40, na mabingwa hutumia karibu zote. Kwenye mawe unene huo unageuza kifundo. Ukinunua vya mtumba, viweke juu ya meza uvitazame kwa nyuma: kikilala upande mmoja, kiache hata kama ni kipya machoni, maana kitakukimbiza kwa miguu ya mwenyewe wa kwanza. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha.

Baada ya wiki sita jipige picha tena, mahali palepale, viatu vilevile, kwa mwendo uleule. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo hutajua kilichosogea ni nini. Ukiona muundi umesimama zaidi kwenye picha za uchovu, ongeza tena hatua kidogo, mpaka 172, si 180. Na kama muundi wako ulikuwa wima tangu picha ya kwanza na huumwi popote, funga simu, nenda kaongeze kilomita.