Somo: Kupima na Kupunguza Ulaji wa Mafuta wa Pikapu Kubwa Yenye Tabo

Ford ilipoweka injini ya V6 (ya silinda sita) ya lita 3.5 yenye tabo mbili (turbo, vifaa vinavyosukuma hewa zaidi ndani ya injini), iliyoitwa EcoBoost, ndani ya pikapu yake ya F-150 ya mwaka 2011, wanunuzi wengi walitarajia kwamba gharama ya mafuta ingeshuka sana. Makadirio rasmi ya serikali ya Marekani, kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, yaliipa maili 18 kwa galoni, ilhali injini ya V8 (ya silinda nane) ya lita 5.0 ya mwaka huohuo ilipewa 17. Tofauti ilikuwa ndogo kwa sababu tabo yenyewe haileti akiba. Akiba hutokana na udogo wa injini, nayo hupatikana pale tu tabo inapokuwa haina kazi kubwa.

Hatua ya kwanza: pima kwenye pampu. Tarakimu ya dashibodi ni makisio ya kompyuta, hivyo usiitegemee peke yake. Jaza tangi hadi pampu ijikate mara ya kwanza, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya lita ulizojaza kwa kilometa ulizokwenda, halafu zidisha kwa 100. Aliyezoea hesabu ya Marekani agawanye 235 kwa maili zake za kila galoni: maili 20 ni sawa na takribani lita 11.8 kwa kilometa 100. Rudia kwa matangi kadhaa, na safari za kuvuta tela uziandike kando.

Hatua ya pili: itazame geji ya tabo, inayoonyesha msukumo wa hewa ya tabo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Katika F-150 geji hiyo imo kwenye skrini iliyo mbele ya dereva. Kwenye tambarare, gari likiwa tupu na mguu ukiwa mwepesi, mshale hulala karibu na sifuri, na wakati huo unaendesha injini ndogo inayokunywa kidogo. Anza kupanda mlima ukiwa na tela, nao utainuka na kubaki juu. Petroli huungua sawasawa kwa uzito wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Lakini mzigo unapokuwa mkubwa na moshi unaotoka kwenye silinda kuwa wa moto kupita kiasi, kompyuta inaweza kuongeza petroli ya ziada ili kuupoza, usije ukaunguza tabo. Petroli hiyo haikusogezi mbele hata kidogo. Kwa hiyo ondoka polepole kwenye taa za barabarani, na mlimani kubali kupoteza mwendo kidogo badala ya kukanyaga hadi chini.

Hatua ya tatu: punguza kasi. Nguvu ya upepo unaolikinza gari hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo kushuka kutoka kilometa 120 hadi 105 kwa saa huipunguza kwa karibu robo. Kwa mwenye tela refu la bodi, sijui njia nyingine inayookoa mafuta kiasi hicho bila kununua chochote.

Hatua ya nne: matunzo. Angalia upepo wa tairi zikiwa baridi, safisha chujio la hewa, na hakikisha mipira inayopeleka hewa kutoka kwenye tabo haivuji.

Maswali ya wanachama

*Niko Houston. Je, pikapu mpya ya Toyota Tundra inathibitisha kwamba tabo inaokoa mafuta?*

Kwa sehemu tu. Tundra ya V8 ya mwaka 2021 ilikadiriwa maili 15 kwa galoni, na ya V6 yenye tabo mbili ya mwaka 2022 ikafikia 20 katika baadhi ya matoleo. Hata hivyo gia nazo ziliongezeka kutoka 6 hadi 10, na gari zima lilisanifiwa upya, kwa hiyo si haki kuipa tabo sifa zote.

*Huku Muscat pampu zinaandika 91 na 95, lakini kitabu cha gari langu la Marekani kinasema 87. Nitumie ipi?*

Namba hizo ni za okteni, yaani uwezo wa petroli kuhimili kuungua kabla ya wakati: Marekani huandika wastani wa vipimo viwili vya okteni, na Oman huandika kile kilicho kikubwa. Ile 87 yao inakaribiana na 91 yenu, basi 91 inafaa kwa matumizi ya kawaida. Ukivuta mzigo mzito wakati wa joto, weka 95: injini ikihisi mafuta yanataka kugonga (kuungua ovyo ndani ya silinda), huchelewesha cheche, na hapo nguvu hupungua na ulaji huongezeka.

*Nimefunga tairi kubwa zaidi, na hesabu inaonyesha ulaji umepanda. Ni kweli?*

Si yote. Kipenyo cha tairi kikiwa kikubwa zaidi kwa asilimia 5, kihesabu kinapunja kilometa kwa kiasi kilekile. Zidisha kilometa zako kwa 1.05 kabla ya kugawanya. Ongezeko litakalobaki ndilo la uzito na ukinzani wa tairi zenyewe.