Usichome Majani, Mwachie Jongoo Kazi Yake

Masika yakikaribia, kuanzia Utange hadi Mwakirunge ni moshi mtupu. Wakulima wanafagia majani makavu na kuyatia moto ili shamba lionekane safi. Ndugu mkulima, nakusihi uache. Sehemu nyingi za Mombasa udongo ni mwembamba, chini yake jiwe la matumbawe, na rutuba yake inatokana na hayo hayo majani unayoyageuza jivu.

Anayebisha aende Haller Park, pale Bamburi. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji: jiwe tupu na jua kali. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, na mvinje ndio uliostawi. Mizizi yake ina vinundu wanamoishi bakteria waitwao Frankia. Wao huuletea mti naitrojeni kutoka hewani, mti nao huwalisha sukari. Tatizo likawa majani. Yana tanini nyingi, ile kemikali chungu inayochelewesha kuoza; hayaozi upesi, yakalundikana tu. Ndipo wakaletwa jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu. Wakayatafuna, na kinyesi chao bakteria wakaweza kukimalizia. Udongo ukaanza kujengeka juu ya jiwe, na miti mingine ikapata pa kutia mizizi.

Shambani kwako kazi hiyo inaendelea usipoivuruga. Baada ya mvua, fukua majani chini ya mwembe mkongwe. Ya juu ni makavu na mazima. Yanayofuata yamelainika, yana utando mweupe wa kuvu. Chini kabisa utakuta vidonge vidogo vyeusi vya kinyesi cha jongoo, na udongo mweusi unaomeguka vidoleni. Kisha chimba pale ulipochoma mwaka jana, ulinganishe mwenyewe.

Tandaza majani kuzunguka miembe, michungwa na migomba, unene sawa na upana wa kiganja, lakini yasigusane na shina. Ya mvinje yachanganye kwanza na samadi ya mbuzi na majani mabichi. Mvinje wenyewe upande mpakani au kwenye mwamba usiolimika. Mahindi chini yake hayafui dafu. Miti ikishakua, punguza: fito na boriti zina soko kwa wajenzi. Mwanga ukiingia na majani yakiwa yamejikusanya, hapo ndipo pa kupanda mkwaju au mkorosho.

Jongoo usiwamwagie chumvi wala mafuta ya taa. Utaua na viumbe wengine wengi waliomo udongoni. Ni kweli wanaweza kuguguna miche laini na viazi, hasa wakikosa majani yaliyokufa. Waachie matandazo katikati ya mistari, wapate chakula chao.

Kitu kimoja tu usikiache kiozee shambani: gogo la mnazi. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutaga mayai humo, na funza wake wakishakomaa kuwa chonga huruka kwenda kutoboa kilele cha mnazi ulio hai. Ukiona makuti yamefunguka yakiwa na mikato mfano wa herufi V, ujue ameshapita. Pasua gogo hilo, likaushe, lifanye kuni. Hutaga pia kwenye lundo la samadi iliyokaa, kwa hiyo ligeuze mara kwa mara na uwaache kuku wadonoe funza wale wanono weupe.