Namna ya kuwatumia mbwa kuwasaka nguruwe wa porini katika mashamba ya Texas

Nguruwe wa porini wanaofukua mashamba ya Texas si wenyeji wa bara la Amerika. Mababu zao waliletwa na Wahispania katika karne ya 16, na katika miaka ya 1930 wakaongezwa nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia kwa ajili ya wawindaji, mbegu zikachanganyika. Jike hubeba mimba kwa siku 115 hivi na anaweza kuzaa kabla hajatimiza miaka miwili, ndiyo maana wataalamu wa wanyamapori wa jimbo hilo hukadiria kwamba takriban theluthi mbili ya nguruwe wote lazima waondolewe kila mwaka ili idadi isipande.

Kwa hiyo usianze na mbwa. Anza na mtego mkubwa wa uzio, unaolinasa kundi zima la majike na watoto wao kwa mara moja. Ukitangulia kuwafungulia mbwa, kundi hutawanyika, wachache hupatikana, na waliobaki huhamia kwa jirani wakiwa wamekwisha kuwa waoga. Mbwa wanafaa zaidi baada ya mtego, kuwatafuta wale waliojifunza kuukwepa, hasa madume wazee wanaolala peke yao katika vichaka ambavyo hata wawindaji walio kwenye helikopta hawaoni ndani yake.

Katika kazi hii kuna mbwa wa aina mbili. Wa kwanza ni msakaji, anayenusa, kumfuata nguruwe na kumzuia mahali pamoja kwa kubweka bila kumgusa. Wengi hupenda mbwa wa mbari za Black Mouth Cur na Catahoula. Wa pili ni mkamataji, kwa kawaida American Bulldog au mbwa wa jamii hiyo, ambaye hushika sikio na kung'ang'ania. Kwa maoni yangu, msakaji mwenye busara ana thamani kuliko mkamataji mkali, kwa sababu mbwa anayejitupa juu ya dume lenye machonge marefu hachukui muda kujeruhiwa vibaya. Wasakaji wawili au watatu na mkamataji mmoja wanatosha. Wengi zaidi husongamana na kukosa nafasi ya kukwepa.

Mfundishe mbwa utii kabla ya kumfundisha kusaka. Aitike anapoitwa hata akiwa ameshika harufu, na awapite ng'ombe, mbuzi na kulungu bila kuwafukuza, kwani sheria ya Texas hairuhusu kulungu kuwindwa kwa mbwa. Mbwa kijana atembezwe na mbwa mzee aliyekomaa, maana akimwona mwenzake akisimama kando na kubweka naye huiga.

Tangu tarehe 1 Septemba 2019, kumwinda nguruwe wa porini katika ardhi ya mtu binafsi hakuhitaji leseni, lakini ridhaa ya mwenye ardhi ni lazima. Zungumza na majirani pia, kwa sababu mbwa hajui mpaka wa shamba. Toka alfajiri, wakati umande bado umeshika harufu na jua halijawa kali. Tafuta udongo uliofukuliwa ambao bado una unyevu, na miti iliyopakwa matope kwenye shina. Tope likiwa bichi na nywele ngumu zimenata juu yake, nguruwe hayuko mbali. Wafungulie wasakaji upepo ukiwaelekea, kila mmoja akiwa na mkanda wa shingoni wenye GPS, kifaa kinachoonyesha mahali alipo.

Sikiliza sauti. Mbwa anayekimbiza hubweka kwa kukatakata huku sauti ikisogea; nguruwe akishasimama, mbweko huwa mzito, wa mfululizo, na hutoka mahali pamoja. Hapo ndipo mkamataji, aliyevalishwa fulana ya kinga inayofunika shingo na kifua, asogezwe karibu akiwa bado kwenye kamba na afunguliwe mwishoni kabisa. Mtu yeyote asipige bunduki wakati mbwa wamemzunguka nguruwe. Wazoefu humshika nguruwe miguu ya nyuma na kummaliza mara moja kwa kisu, bila kumtesa.

Baada ya hapo mkague kila mbwa kwa vidole, hasa kwapani na shingoni, kwa kuwa chonge huacha tundu dogo linalofichwa na manyoya ingawa ndani limefika mbali. Kidonda cha kifuani kinachovuta hewa kifunikwe papo hapo na mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Joto nalo huua: mbwa anayeyumba, mwenye fizi nyekundu sana na anayehema bila kukoma, amwagiwe maji mwili mzima, apelekwe kivulini penye upepo, kisha kwa daktari.

Vaa glavu unapompasua nguruwe, kwani anaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa wa bakteria ambao humwambukiza binadamu na mbwa vilevile. Mbwa wasipewe kamwe nyama mbichi wala matumbo yake. Nguruwe hawa hubeba pia ugonjwa wa Aujeszky, ambao hauna tiba kwa mbwa: huanza kwa kujikuna usoni kupita kiasi, na kwa kawaida mbwa hufa ndani ya siku mbili tangu dalili zijitokeze.